Pikipiki inatambaa hata ukivuta klachi: kabla hujanunua pleti nyingine, chungulia bakuli

Bwana shamba mmoja aliniletea Yamaha AG100 yake katikati ya masika. "Fundi, pikipiki inanitoroka," akasema. AG zina kifungio kidogo kwenye mkono wa klachi: unavuta mkono, unakifunga, unashuka kufungua geti la zizi huku injini inaunguruma na gia imo. Ni pikipiki ya wafugaji, na kifungio hicho kimewekwa kwa kazi hiyo hasa. Yake, akishuka tu, inaanza kusogea yenyewe kuelekea getini, polepole, kama mbuzi aliyeona majani upande wa pili. Alikuwa ameshabadilisha pleti za klachi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na springi mara moja. Kila akibadilisha inapona wiki mbili tatu, kisha ugonjwa unarudi.

Pleti zake hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa bakuli, na hakuna aliyekuwa amelitazama.

Ninachokiita bakuli ndicho wauza spea wanachokiita hausingi ya klachi. Wengine husema kikapu. Ni kipande cha alumini chenye vidole vilivyosimama kuzunguka ukingo wake. Mgongoni kimepigiliwa kwa ribiti gia kubwa inayozungushwa na gia ndogo ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Pleti za msuguano zina masikio yanayoingia kwenye mianya iliyo kati ya vidole, kwa hiyo bakuli likizunguka, nazo zinazunguka. Pleti za chuma tupu hazishiki bakuli. Zenyewe zina meno ya ndani yanayoshika kitovu, na kitovu kimekaa kwenye shafti ya giaboksi. Springi zikizibana aina hizo mbili pamoja, nguvu ya injini inafika kwenye tairi. Ukivuta mkono, zinatakiwa ziachane.

Sasa fikiria masikio ya chuma yakigonga vidole vya alumini. Injini ya pistoni moja haivuti kwa ulaini. Inapiga, inapumzika, inapiga tena, na kila pigo linafika kwenye kidole. Ongeza njia za matope, ambako unacheza na klachi kwa vidole viwili kutwa nzima, unaachia mafuta ghafla na kuyarudisha ghafla. Ongeza mnyororo uliolegea, unaofanya kila mvuto uanze kwa kishindo. Baada ya miaka, vidole vya bakuli vinachongeka vidato kama mnazi wa mgema. Ukivuta klachi, presha pleti, yaani sahani ya nje inayobanwa na springi, inarudi nyuma vizuri tu, lakini masikio yamekwishaingia kwenye vidato vyake na hayatelezi. Pleti zinabaki zimegusana, na pikipiki inatambaa.

Ndiyo sababu pleti mpya huleta nafuu ya muda. Ni nene kuliko zilizotoka, kwa hiyo masikio yanakaa pembeni kidogo ya vidato vya zamani, yanapata sehemu laini ya kutelezea. Halafu yanachonga vidato vyake.

Anza na vitu visivyohitaji kufungua injini

Kutambaa na kukosa nyutro, au fri kama wanavyoiita vijana wa bodaboda, kuna sababu nyingi, na bakuli ni ya mwisho kwenye orodha kwa sababu ndiyo ya gharama. Anza na waya wa klachi. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta kitu: Honda nyingi ndogo hutaka milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya mkono, wakati Yamaha hupima pale mkono unapokaliana na kishikio chake na kutaka milimita 2 au 3. Ulegevu ukizidi, klachi haifunguki yote hata ukivuta mpaka mwisho. Angalia pia kama waya umeanza kukatika nyuzi karibu na kichwa chake. Waya unaokatika unarefuka kidogo kidogo, na mtu anaurekebisha kila wiki akidhani klachi ndiyo inayolegea, mpaka siku unamkatikia mlimani.

Kisha oili. Kwenye AG100 na DT125, ambazo ni injini za mipigo miwili, giaboksi na klachi zina oili yake, mbali na ile inayochomwa na injini. Watu wanaisahau kabisa. Nimewahi kufungua plagi ya kumwagia oili ikatoka kitu kama chai ya maziwa, yaani oili iliyochanganyika na maji ya mtoni. Oili nzito au chafu inagandisha pleti. Oili inayofaa ni ile iliyoandikwa JASO MA kwenye kopo, yaani alama ya viwango vya Kijapani, ya kiwango cha 10W-30 au 10W-40. Iliyoandikwa MB ina vilainishi vya kupunguza msuguano na inafaa skuta zisizo na klachi ya namna hii. Oili za magari madogo zinazosifiwa kwa kuokoa mafuta nazo ziache kwenye magari.

Baada ya hapo sikiliza ni saa ngapi ugonjwa unatokea. Ikiwa ni asubuhi tu, mara ya kwanza kuingiza gia, halafu siku nzima iko sawa, hiyo ni oili iliyoshikanisha pleti usiku kucha. Si ugonjwa. Vuta klachi, sukuma pikipiki hatua mbili ikiwa ndani ya gia ya pili kabla ya kuwasha, zitaachana. Ikiwa asubuhi ni nzima lakini ikipata joto inaanza kutambaa, shuku pleti za chuma zilizopinda. Ikiwa inatambaa baridi na moto, waya umerekebishwa na oili ni safi, hapo ndipo jina la bakuli linapoanza kutajika.

Kuna dalili moja ambayo mimi huiamini kuliko zote. Achia klachi polepole sana kwenye uwanja tambarare. Klachi nzima inashika kama mtu anayekukaribisha mkono: taratibu, inaongezeka. Klachi yenye bakuli lililochongeka inashika kwa hatua. Haishiki, haishiki, inaruka. Unaiachia kidogo tena, inaruka tena. Ni masikio yanaruka kutoka kidato hadi kidato. Ukishaisikia mara moja hutaisahau.

Kelele

Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kupewa mafuta, sikiliza upande wa kulia. Mgongano wa kuparaza unaotulia au kubadilika ukivuta mkono wa klachi unatoka kwenye bakuli lenyewe: ama masikio yana nafasi kubwa mno kwenye mianya, ama bushi au beringi ya katikati imeisha, ama ile gia ya mgongoni imelegea. Kati ya gia na bakuli, pikipiki nyingi zina springi fupi au mipira ya kupunguza vishindo. Ribiti zikilegea au mipira ikikauka, gia inacheza na inagonga. Kelele hii huudhi sana asubuhi na kupungua oili ikizunguka, kwa hiyo watu huiacha mwaka mzima.

Kelele inayoanza pale tu unapovuta mkono ni jambo jingine. Tazama fimbo ya kusukumia na beringi ya presha pleti.

Kuteleza

Injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na mlimani unanusa kitu kama kitambaa kilichoungua. Hapa sikimbilii bakuli. Kwanza ulegevu wa mkono, kwa sababu waya uliokazwa mno unaiacha klachi nusu wazi muda wote. Kisha oili isiyofaa. Kisha pleti zilizokwisha. Kisha springi zilizofupika. Bakuli linaweza kusababisha kuteleza pale tu vidato vilipokuwa virefu kiasi cha kuzizuia pleti zisibanane, na likifika hapo litakuwa limeshakupa dalili nyingine zote.

Lakini oili inasema mengi. Ukiimwaga, iache kwenye beseni jeupe juani. Ukiona kumeremeta kwa rangi ya fedha, pitisha sumaku. Kinachong'ang'ania sumaku ni chuma: meno ya gia au pleti za chuma. Kisichong'ang'ania ni alumini, na alumini ndani ya sehemu ile kwa kawaida ni bakuli na kitovu. Vipande vya njano ni bushi.

Kufungua

Funga koki ya petroli, mwaga oili, ondoa kiki, na shusha au toa pedeli ya breki ikiwa inazuia kifuniko cha kulia. Bolti za kifuniko hazilingani urefu. Chukua kadibodi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia shimo fupi itapasua ganda la alumini la injini, na hasara hiyo itashinda ya bakuli. Skurubu za nyota za pikipiki za zamani za Kijapani zikigoma, tumia bisibisi ya kugonga na nyundo. Bisibisi ya mkono itakula kichwa tu.

Kwenye Yamaha hizi za mipigo miwili pampu ndogo ya oili ya injini imekaa kwenye kifuniko hichohicho. Itabidi utoe waya wake na mirija yake. Ziba mirija usipoteze oili, na ukumbuke kwamba hewa imeshaingia, nitarudi hapo. Kwenye Honda nyingi ndogo za mipigo minne utakuta chujio la oili la kuzunguka kwenye ncha ya krenki. Kwa kuwa umeshafungua, lisafishe. Mengi hayajawahi kusafishwa tangu kiwandani.

Legeza bolti za springi kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa msalaba. Ukitoa moja yote wakati zingine zimebana, presha pleti inainama na inaweza kupasuka. Pima springi kwa vernia, kile kipimio cha milimita chenye taya: ziwe na urefu sawa, na zisiwe fupi kuliko kitabu kinavyosema. Toa pleti kwa mpangilio, ziweke kwenye gazeti kwa mfuatano uleule. Kwa injini hizi ndogo pleti mpya ya msuguano huwa karibu na milimita 3; ikishuka kwenye 2.6 au 2.7 nyingi zimefika mwisho, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachosema neno la mwisho. Pleti za chuma ziweke juu ya kioo kizito na upitishe filagaji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Honda nyingi ndogo huruhusu kupinda kwa milimita 0.2. Pleti yenye rangi ya bluu imeungua, usiirudishe.

Sasa bakuli bado limo, na unaweza kulihukumu likiwa humohumo. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa kila kidole, kutoka juu kwenda chini. Ubavu unaosukuma ndio ulioumia zaidi. Ukucha ukipita bila kukwama, bakuli ni zima na ugonjwa uko kwingine. Ukikwama kidogo, kazi ya tupa inatosha. Ukizama, na ukiona ngazi kwa macho, pima kina kwa vernia. Mpaka wangu ni nusu milimita. Zaidi ya hapo sipigi tupa, namwambia mwenye mali atafute bakuli. Shika kingo za bakuli ulitikise juu na chini: kuyumba kunakosikika ni bushi. Kisha shika gia kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine, uzungushe kinyume. Usisikie kulegea kwa bure. Usikie ukinzani wa springi au mpira tu.

Na usisahau kitovu. Pleti za chuma nazo huchonga meno yake, kwa kina kidogo zaidi, na bakuli jipya likiunganishwa na kitovu kibovu bado litatambaa. Hili limewahi kunipata mwenyewe, na nikarudisha kazi bure.

Kutoa nati ya kati

Kitovu hushikwa na nati yenye washa ya kukunja, au nati ya mikato minne inayotaka soketi yake maalumu, au loki ya duara. Usichomeke bisibisi kati ya vidole kuzuia bakuli lisizunguke. Vidole vya alumini vinakatika kama muhogo mkavu, na mafundi wengi wameua bakuli zima kwa namna hiyo. Ingiza gia ya juu kabisa, mtu abane breki ya nyuma kwa nguvu. Kama pedeli umeitoa, avute mkono wa breki pale kwenye ngoma. Kitovu kitatulia kwa sababu kimeshikana na shafti. Kama una muda, chomelea pleti ya chuma ya zamani na ya msuguano ya zamani pamoja, uweke mpini. Hicho ni kishikio cha maisha yako yote. Soketi ya nati ya mikato minne inaweza kukatwa kutoka kwenye bomba nene kwa grainda. Patasi na nyundo zinafungua mara moja, na mara ya pili nati haina kitu cha kushikwa.

Nyuma ya bakuli na mbele yake kuna washa nyembamba. Piga picha kwa simu kila hatua. Washa ikisahaulika, bakuli linakwangua ganda la injini. Ikiwa fimbo ya kusukumia ina vipande viwili, kati yake kuna gololi ya chuma. Ukiinamisha pikipiki inaweza kutoka na kupotelea kwenye vumbi.

Tupa au bakuli jipya

Tupa inanunua muda, basi. Kila unachokiondoa kwenye ubavu wa kidole kinaongeza nafasi ya masikio kucheza, na masikio yenye nafasi yanagonga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo vidato vya pili vinakuja upesi kuliko vya kwanza. Kwa mtu anayesubiri mshahara au msimu wa mavuno, ni sawa kabisa. Kwa bakuli lililopigwa tupa tayari mara moja, mimi sipigi tena.

Ukifanya, tumia tupa bapa ya meno madogo, iliyo safi. Bana bakuli kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao. Ondoa matuta yaliyo kati ya vidato. Usijaribu kufikia chini ya kidato kirefu kuliko vyote. Tupa iende sambamba na mwanya, isiinamie nje wala ndani. Hesabu mapigo: ukipiga kidole kimoja mara nane, vyote vipate nane, kisha uangalie. Ukila kidole kimoja zaidi, wenzake ndio watakaobeba mzigo wote. Maliza kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kipande cha bapa, uoshe kwa mafuta ya taa mpaka usione unga wa alumini.

Bakuli jipya linunue likiwa na gia yake. Nenda dukani na la zamani mkononi. Hesabu meno ya gia, linganisha upana na mwelekeo wa meno, kina cha mianya, idadi ya mianya, kipenyo cha tundu la kati, na ile gia ndogo ya nyuma inayoshikana na kiki. Tofauti ya jino moja tu, kifuniko kitafungwa vizuri na injini itakataa. Wakimbiza pikipiki za mashindano hununua bakuli lililochongwa kutoka bonge moja la alumini bila gia, kama zile za Hinson za Marekani, kisha hutoboa ribiti za zamani na kuhamisha gia pamoja na mipira kwa skurubu zenye gundi ya nati. Kwa AG ya bwana shamba hiyo ni anasa.

Bakuli la mtumba linaweza kufaa, lakini lipimwe kwa ukucha uleule pale dukani, mbele ya muuzaji. Na ukiweza kupata pleti zenye kiini cha alumini, zina huruma zaidi kwa vidole kuliko zenye kiini cha chuma.

Kurudisha

Loweka pleti za msuguano ndani ya oili usiku mmoja. Pleti kavu zinaungua dakika za kwanza. Washa ya kukunja iwe mpya. Ya zamani ikikunjuliwa na kukunjwa tena inapasuka. Honda zenye washa ya koni huandikwa "OUTSIDE" upande unaotazama nje. Kwenye baadhi ya klachi pleti ya mwisho ya msuguano haiingii kwenye mianya ya wenzake, inaingia kwenye mianya mifupi ya pembeni, kwa hiyo tazama picha yako. Baada ya presha pleti kukaa, hakikisha meno yake yameingia kwenye kitovu kabla ya kukaza. Kaza springi kwa zamu, kwa spana ya mpini mfupi. Hizi ni bolti nyembamba ndani ya alumini.

Gaskiti mpya, kingo safi, kisha kifuniko. Kwa Yamaha za pampu: rudisha mirija, jaza oili, fungua skurubu ndogo ya kutolea hewa kwenye pampu, subiri oili itoke bila mapovu, funga. Halafu kwa tangi la kwanza changanya oili ya mipigo miwili kwenye petroli, mililita 20 kwa kila lita, hata kama una uhakika pampu inafanya kazi. Moshi wa siku moja haudhuru. Pistoni iliyogandia kwenye silinda kwa sababu ya hewa ndani ya mrija itakula fedha za bakuli mbili.

Jaza oili ya giaboksi, rekebisha ulegevu wa mkono, ingiza gia, vuta klachi, sukuma. Isogee kwa urahisi. Washa, subiri ipate joto, ingiza gia ya kwanza na uvute mkono: isimame. Siku mbili tatu za mwanzo pleti zinajipanga na ulegevu unabadilika, kwa hiyo rekebisha tena. Mwaga oili mapema, baada ya kilomita 100 au 200, uitazame kwenye beseni.

Ile AG ya bwana shamba ilipata bakuli la mtumba na kitovu chake, na pleti zile zile alizokuwa amenunua mara ya mwisho. Alipokuja kuichukua nilimtaka aiwashe, aingize gia, afunge kile kifungio cha mkono na ashuke. Alishuka akiwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja. Haikusogea. Akaachia, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama mnyororo nao ulikuwa umelegea. Ulikuwa umelegea.